Mkono Mpole Kilindini

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa nchi kavu na bahari, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Mama mmoja, msomaji wa safu hii, ameniletea swali ambalo nimeona si vyema kumjibu peke yake. Binti yake yuko kidato cha pili. Siku moja alimwonyesha mamake katika simu picha za roboti yenye vidole laini ikimshika konyeza baharini, akamwambia kwamba kazi hiyo ndiyo anayotamani kuisomea. Mwisho wa mwaka anatakiwa kuchagua masomo, na baba yake anaona afadhali aiache fizikia. Mama akaniuliza: “Sheikh, watu hawa wanatumia mali kumshika konyeza, na sisi tukimwona konyeza tunamkimbia. Hiyo si israfu? Na huyu mwanangu, nimruhusu au nimkataze?”

Hayo ni maswali mawili, na yote mawili yana uzito. Haifai kulihukumu jambo kabla ya kulijua, kwa hivyo tuanze kwa kuijua kazi yenyewe.

Bahari tunayoiona sisi watu wa pwani ni sehemu yake ndogo. Mvuvi wa Kipini au wa Vanga huijua miamba yake, mikondo yake, na majira ya kaskazi na kusi. Mzamiaji wa kujifurahisha, hata akibeba mtungi wa hewa mgongoni, hashauriwi kupita mita 40. Chini ya hapo mna maelfu ya mita za maji. Nuru ya jua hupungua mpaka ikatoweka, baridi huzidi, na kila tukiteremka mita 10, mgandamizo wa maji huongezeka kwa kiasi cha uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye kina cha mita 1,000 mgandamizo huo umefika kiasi cha mara 100. Giza hilo la kilindini si geni katika masikio ya Muislamu, kwani Mwenyezi Mungu amelitaja katika Suratun Nur alipowapigia mfano wale waliokosa nuru ya uwongofu.

Ndani ya giza hilo mna umma wa viumbe: konyeza wa sampuli nyingi, ngisi, pweza, majongoo ya bahari, sifongo, na matumbawe yasiyohitaji jua. Wengi wao wana miili laini kabisa, kwa kuwa maji yenyewe ndiyo yanayowabeba. Mwili wa konyeza ni maji kwa kiasi cha asilimia 95. Akiwa majini ana umbo, rangi na mwendo wa kupendeza; mtoe umweke mchangani, atakuwa kama uji uliomwagika.

Sasa, vyombo vinavyotumwa huko chini aghalabu havina mtu ndani. Huongozwa kwa waya mrefu na mafundi walioketi merikebuni mbele ya vioo vya picha. Mikono ya vyombo hivyo iliundwa zaidi kwa ajili ya kazi za mafuta na ujenzi wa chini ya bahari: kufungua vali, kukata kamba, kuinua vyuma. Ni mikono ya chuma, yenye nguvu ya kuvunja. Mtaalamu wa viumbe alipoutumia mkono kama huo kuchuma tumbawe laini au kumshika konyeza, mara nyingi alichopandishiwa juu kilikuwa ni vipande.

Na kilichovunjika hakisomeki. Tuna kisa cha jambo hili kisicho mbali na kwetu. Mwaka 1938, huko Afrika Kusini, alinaswa samaki aitwaye silakanti, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za kale. Bibi mmoja mtunzaji wa makumbusho katika mji wa East London, Marjorie Courtenay-Latimer, alitambua kwamba samaki yule si wa kawaida, lakini hakuwa na chombo cha kumhifadhi katika joto lile. Sehemu za nje zikahifadhiwa, viungo laini vya ndani vikaharibika na kutupwa. Wataalamu wakangoja miaka 14, hadi 1952, aliponaswa mwingine katika kisiwa cha Nzwani, Komoro, ambako wavuvi wetu walikuwa wakimjua siku zote kwa jina la gombesa. Mwaka 2001 samaki wa aina hiyo alinaswa hata hapa kwetu, mbele ya Malindi. Zingatieni basi: samaki mkubwa, mwenye mifupa na magamba, kukosekana kwa viungo vyake laini kuliwacheleweshea watu elimu kwa miaka 14. Itakuwaje kwa kiumbe ambaye mwili wake wote ni laini?

Hapo ndipo walipoingia watu wawili wa fani mbalimbali. Mmoja ni David Gruber, mtaalamu wa viumbe vya baharini wa New York. Wa pili ni Robert Wood, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Walichokubaliana ni kwamba badala ya kuupunguzia nguvu mkono wa chuma, ni bora kuunda mkono mwingine wenye asili ya ulaini. Vidole vya mkono huo ni vya mpira wa silikoni, na ndani vina uwazi kama mrija. Pampu ikisukuma maji ya bahari ndani ya kidole, upande mmoja hutanuka kuliko wa pili, na kidole hujikunja taratibu. Maji yakitolewa, hunyooka. Na kwa kuwa maji yaliyo ndani ya kidole ni yale yale yaliyo nje, uzito mkubwa wa kilindini haukiponyi kidole. Kinachohitajika ni kusukuma kidogo tu.

Akina mama watapenda kujua kwamba majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa mboga za sokoni. Fundi wao, Kevin Galloway, alifunga karoti, figili na mboga nyingine katika wavu wa chuma ndani ya tangi la maji, akaufundisha mkono ule kuzichuma bila kuzichubua. Kisha wakaenda Bahari ya Sham, katika ghuba yake ya kaskazini, wakachuma matumbawe kwenye kina cha kati ya mita 100 na 170. Habari za kazi hiyo zilitangazwa mwaka 2016.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2017 merikebu ya utafiti iitwayo Falkor ilikwenda kwenye visiwa vya Phoenix, nchi ya Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Safari hii waliichukua karakana yao, yaani mashine za kuchapa vitu vyenye umbo kamili. Wataalamu wa viumbe walikuwa wakiutazama mkono ukifanya kazi kwenye kina kilichopita mita 2,000, kisha wakitoa maoni yao, na mafundi wakiunda vidole vipya humo humo chomboni. Waliposema kwamba kiumbe aliyelala juu ya mwamba mgumu hashikiki vizuri kwa chini, vidole vikatiwa kucha. Ndugu zangu, hiyo ni shura iliyo hai: mwenye kujua kiumbe na mwenye kujua chombo wakisikilizana, wala hapana aliyeona aibu kurekebishwa.

Mwaka 2018 wakaleta chombo cha namna nyingine, kilichotokana na sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Kina mabapa matano yaliyokaa kama majani ya ua, na mota moja tu huyakunja yote kwa pamoja yakawa kisanduku cha pande 12. Kiumbe hashikwi kabisa, huzungukwa. Kwa chombo hicho walimzingira ngisi, konyeza na pweza katika korongo la bahari la Monterey, California, kwenye kina cha kati ya mita 500 na 700, kisha wakawafungulia waende zao wakiwa salama.

Na mwaka 2019 ukatolewa mkono ambao ndio hasa, nadhani, binti yule aliouona. Una vidole sita, vyembamba na bapa kama tambi. Ndiyo, tambi hizi hizi tunazozipika kwa sukari na iliki. Kila kidole ni silikoni iliyopakwa upande mmoja tabaka la nyuzi nyembamba mno, ili kikijazwa maji kijikunje kuelekea upande huo. Kipimo cha mgandamizo wake ni kilopaskali 0.0455. Tarakimu hiyo haimwambii mtu kitu mpaka ipigiwe mfano: ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mgandamizo wa kope juu ya jicho. Kope zako, ewe mama, unazifumba maelfu ya mara kwa siku wala huhisi uzito wake. Mkono huu ni mwepesi kuliko hizo, na bado unamshika konyeza asiponyoke.

Sasa nije kwenye swali la kwanza: je, hii ni israfu?

Israfu haipimwi kwa wingi wa mali peke yake. Hupimwa kwa kutazama mali imekwenda wapi na imeleta nini. Shilingi moja iliyotupwa bure ni israfu, na mali nyingi iliyonunua elimu yenye manufaa huenda isiwe israfu. Na manufaa ya kuwajua viumbe wa baharini si ya kubuni. Dawa iitwayo saitarabini, ambayo mahospitali huitumia kutibu saratani ya damu, chimbuko lake ni kemikali zilizogunduliwa katika sifongo wa Bahari ya Karibi. Aliyemwokota sifongo yule alikuwa na hakika gani kwamba ndani yake mna tiba? Mwenyezi Mungu ndiye aliyeiweka, na mwanadamu akatakiwa aitafute.

Kuna jambo la pili, nalo ni la amana. Huko Hawaii kumepimwa tumbawe jeusi la kilindini likaonekana lina umri wa miaka 4,265 hivi. Lilikuwa hai kabla ya Mtume wetu (S.A.W.) kuzaliwa kwa zaidi ya miaka 2,500, na mkono mmoja wa chuma ungeweza kulivunja kwa dakika moja. Wakati huo huo, mataifa na makampuni yanazungumzia kuchimba madini katika sakafu ya bahari kuu. Kiumbe asiyejulikana hana wa kumtetea. Ndiyo maana kumjua bila kumuua ni kazi yenye thamani, na kwa maoni yangu inakaribia zaidi ulinzi kuliko ubadhirifu.

Tena tuwakumbuke ndege wale. Imepokewa kwa Abdillahi bin Masoud (R.A.), katika mapokezi ya Abu Daud, kwamba katika safari moja baadhi ya masahaba walichukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akipigapiga mbawa kwa uchungu. Mtume (S.A.W.) alipoona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa kumchukulia wanawe, akaamrisha arudishiwe. Masahaba hawakuwa na nia ya ukatili, walivutiwa tu na viumbe wale wadogo. Lakini walifundishwa kwamba kuvutiwa na kiumbe hakumpi mtu ruhusa ya kukiumiza. Mwaka 2024 watafiti niliowataja walieleza njia ya kumpiga kiumbe picha za pande zote huko huko kilindini na kuchukua kipande kidogo cha mwili wake kwa uchunguzi wa vinasaba, ili siku zijazo isiwe lazima kumpandisha juu akiwa maiti. Sisi wenye kisa cha makinda yale tulistahili kuwa wa mwanzo kuifurahia njia hiyo.

Hata hapa nyumbani jambo hili linatugusa. Juya la kukokota limepigwa marufuku na sheria ya nchi, kwa kuwa hubeba samaki na vifaranga vyake na huipalilia nyasi ya bahari kama jembe. Bado baadhi yetu wanalitumia, kisha tunalalamika kwamba samaki wamekimbia. Hawakukimbia. Mkono wetu umekuwa mzito.

Swali la pili: binti, aruhusiwe au akatazwe?

Kwanza naomba akina baba wajue kwamba utafiti wa mkono ule wa vidole vya tambi uliongozwa na mhandisi mwanamke, Nina Sinatra. Na mwaka 2022 mwanamke mwingine, Kaitlyn Becker, aliongoza utafiti wa mkono wenye mirija myembamba ya mpira, urefu wake kiasi cha sentimita 30, inayojisokota ikiingiwa na hewa na kukizonga kitu kwa pamoja, kama minyiriri ya konyeza inavyozonga windo lake. Konyeza tuliyekuwa tukimkimbia amegeuka kuwa mwalimu wa wahandisi. Na elimu aitakayo binti huyu haiko ng'ambo pekee: Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya makao yake ni Mombasa. Mlango wa kufikia huko ni fizikia, kemia na baiolojia. Akiiacha fizikia leo, akiwa kidato cha pili, mlango mmoja anaufunga kwa mkono wake, au tunaufunga kwa mkono wetu.

Kwa hivyo jibu langu kwa mama yule ni hili: muache asome, na masharti ya dini yake, heshima yake na sala zake yabaki pale pale. Kuijua hisabati ya kidole cha silikoni hakumpunguzii binti haya yake. Na kwa baba yake, salamu zangu za heshima na ombi moja: kabla hujasema “hapana,” mketishe mwanao akueleze anachokitaka, nawe umsikilize mpaka mwisho. Hofu yako kwake ni hofu ya mzazi, na ina haki yake. Lakini hofu inayobana sana huvunja kile inachotaka kukihifadhi.

Na hapa ndipo ninapotaka sote tusimame kidogo, hata tusiokuwa na binti wa kidato cha pili. Bibi Aisha (R.A.) alipokuwa amepanda ngamia mkaidi na akawa anamvutavuta kwa nguvu, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwenye upole. Ngamia ni mnyama mwenye nguvu, na bado hakutakiwa kutezwa nguvu. Basi mtoto je?

Tunayo methali yetu: samaki mkunje angali mbichi. Wengi wetu tukiitaja, macho yetu huelekea kwenye bakora. Lakini itazameni vizuri. Methali imesema akunjwe, haikusema avunjwe. Na imetaka akunjwe akiwa mbichi, kwa sababu mbichi hukunjika kwa mkono mwepesi, bila nguvu. Mwenye kutumia nguvu kwa samaki mbichi humpasua. Nawaambia haya walimu wenzangu wa madrasa kama ninavyoiambia nafsi ya kila mzazi: mtoto anayekuja chuoni akitetemeka huenda akahifadhi juzuu nzima, lakini tutakachokishika mkononi ni vipande. Moyo wake utakuwa umebaki kule chini. Sheria ya nchi yetu imekwisha kukataza adhabu ya viboko kwa watoto, na kabla ya sheria hiyo sisi tulikuwa na mwenendo wa Mtume (S.A.W.) uliotutosha.

Upole ninaousema si ulegevu. Mkono ule wa tambi hauachi kushika. Ungekuwa mlegevu, konyeza angekwenda zake na wataalamu wasingepata kitu. Unashika kwa kadiri ya mwenye kushikwa: tumbawe lina kadiri yake, ngisi ana kadiri yake, na kidole kikigusa mwamba kinatiwa kucha. Mama aliyempakata mtoto wa siku saba ameijua elimu hii kabla ya Harvard. Anashikilia shingo isianguke wala haikazi. Shida yetu ni kwamba mtoto akifika miaka kumi tunausahau mkono ule, na akifika miaka kumi na tano tunabakiwa na mkono wa chuma peke yake.

Wiki hii basi, kila mzazi achague mtoto wake mmoja, hasa yule aliye mgumu kushikika, amuulize anatamani kusomea nini, kisha anyamaze asikilize. Asimkatize, asimcheke, asimlinganishe na mtoto wa jirani. Huenda akapandisha kutoka kilindini mwa moyo wa mtoto wake kitu kizima ambacho hakujua kwamba kimo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye huruma na nyoyo zenye hekima, awafungulie watoto wetu, wa kike na wa kiume, milango ya elimu yenye manufaa, na aihifadhi bahari yetu na viumbe vyake. Amin.

Wabillahi tawfiq.